Jinsi ya kuongoza ibada nyumbani kwa aliyepatwa na hasara

Mimi ni mzee wa kanisa huku Makete, kusini mwa Tanzania, na ibada ninazoitiwa majumbani mara nyingi ni za kufariji. Baridi ya Juni na Julai ikishaunguza viazi, kijiji huanza kunong'ona: yule ana lake alilomkosea Mungu. Usipojiandaa, mnong'ono huo utaingia nao mpaka kwenye sala.

Anza kwa kukaa. Marafiki wa Ayubu, yule wa Biblia aliyepatwa na hasara kubwa, walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo ndipo walipomfaa. Piga kamwene, salamu ya huku, pokea chai, msikilize mwenyeji. Akiuliza, "Nimemkosea nini Mungu?", usimwambie anakufuru. Ayubu aliuliza makali zaidi.

Somo lichague kwa makini sana. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Ayubu, Elifazi, mmoja wa marafiki wale, anamsifu Mungu vizuri mno: ndiye aletaye mvua juu ya nchi, ndiye ainuaye wanyonge. Yote kweli. Lakini fika sura ya 22 uone sifa ile ilikuwa inaelekea wapi. Anamwambia Ayubu uovu wake ni mkubwa, amewanyima wenye njaa chakula, amewafukuza wajane mikono mitupu. Shahidi hana hata mmoja! Ameona hasara, akaitungia kosa. Kwa hiyo ukiutukuza ukuu wa Mungu mbele ya mtu aliyeumia, ishia hapo hapo kwenye ukuu. Usiongeze "basi tujichunguze".

Mimi husoma sura ya 9. Humo Ayubu mwenyewe, mwili umejaa majipu, anamsifu aliyezifanya nyota za Orioni na Kilimia, na katika sura hiyo hiyo anasema Mungu huwaangamiza wakamilifu na waovu pia. Soma yote mawili kwa sauti, usiruke la pili. Mwenyeji anahitaji kusikia kwamba swali lake limo kwenye Maandiko.

Hakosi mtu wa kusema apandacho mtu ndicho atakachovuna. Mjibu kwa upole, kwa mambo ya hapa hapa. Usiku usio na mawingu, hewa ya baridi huteremka ikatuama bondeni. Viazi vya bondeni vinaungua, vya mteremkoni vinapona, na wenye mashamba wote wanakaa benchi moja Jumapili. Kisha fungua Luka 13: watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Sala iwe fupi. Mwenyeji akiwa na nguvu, mwombe yeye ndiye afunge, awaombee na ninyi mliokuja. Katika sura ya 42 Mungu aliwatuma wale marafiki watatu kwa Ayubu ili awaombee. Asipoweza, imbeni wimbo anaoupenda.

Sadaka usikusanye siku hiyo. Mkitoka, pangeni nani ataleta debe la mbegu, na lini.