Rafiki wa pikipiki wa mtandaoni anakuja Malindi: mpokee hivi

Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwita "kaka". Tulijuana mtandaoni kwa sababu ya pikipiki aina ya Yamaha DT 175. Yake ilikuwa inazima ikishapata moto, yangu inakataa kiki asubuhi, basi usiku tunatumiana picha za plagi za injini. Siku aliyokuja Malindi kutoka Voi alivua helmeti kwenye kituo cha mafuta, nikaona mvi tupu. Mtu wa umri wa baba yangu! Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu asiuachie, na tangu siku hiyo namwita Mzee, hata kwenye simu.

Baada yake nimepokea wageni wengine wa namna hiyo, na haya ndiyo ninayoyafanya.

Anza na njia, kabla hamjapanga kula wala kulala. Anayetoka Voi akifungua ramani ataona njia fupi inayokatiza Tsavo Mashariki na kutokea lango la Sala, kisha Malindi. Mwambie mapema kwamba pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi ile, kuna simba na ndovu. Ashike barabara kuu ya Mombasa, afike Mariakani akate kushoto, apite Kaloleni, atokee Mavueni karibu na daraja la Kilifi. Ni zaidi ya kilomita 200, lakini anaepukana na malori ya Mombasa na foleni ya Mtwapa. Mtajie na matuta ya vijijini ukishavuka Kilifi, maana mengine huyaoni mpaka uko juu yake. Aondoke alfajiri, asije akaendesha usiku.

Siku nzuri ni Jumamosi. Ijumaa mchana watu wako msikitini, na mwezi wa Ramadhani ni vyema mkutane baada ya futari, mkae kwa utulivu. Mahali, mimi huchagua kituo cha mafuta penye watu na askari wa zamu, pa kununua mahamri pawe karibu. Usimwelekeze nyumbani kwako siku ya kwanza, hata kama mmeandikiana miaka mitano. Zungumzeni kwanza kwa simu ya video, akutumie picha ya pikipiki inayoonyesha namba, na picha hiyo umwachie mtu wa nyumbani. Dada yangu naye ni mpanda pikipiki, na mgeni wake wa kwanza alimpokea tukiwa wawili. Mgeni mwenye nia njema haudhiki kwa hilo.

Akifika, mpe maji, mwache anyooshe mgongo. Halafu ziegesheni pikipiki pamoja kivulini, mzitazame. Hapa usiwe na haraka, mimi huwa nakaa hata saa nzima. Mzee alichuchumaa kabla hajamaliza chai, akaweka kidole chini ya cheni yangu, katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, akaisukuma juu. Ikacheza kidogo sana. Akanieleza kwamba pikipiki za barabarani nyingi hutaka mchezo wa milimita 25 hadi 35, na hizi zetu za njia mbovu hutaka zaidi, kwa sababu shoku zikibonyea cheni inavutika. Nilikuwa naikaza kama waya wa kuanikia nguo, nikidhani ndiyo kuitunza. Kisha akapitisha kidole pembeni ya cheni, kikatoka na kutu. "Hii ni chumvi," akasema. Yeye anatoka bara, lakini aliiona kabla yangu mimi niliyezaliwa pwani! Sasa kila nikitoka ufukweni naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, naikausha, naitia oili.

Nami nikamwonyesha tairi lake la nyuma. Ubavuni mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. La kwake lilikuwa na meno mazuri, ila mpira ulikuwa umepasukapasuka ubavuni. Alilinunua kama jipya. Plagi tulizitoa pia: yangu nyeusi yenye masizi, yake rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Nikajua tatizo langu la asubuhi ni kabureta kumimina petroli nyingi.

Funguo ni jambo la kusema wazi, na liseme mapema. Mgeni mmoja aliniomba azunguke mara moja tu mpaka barabarani. Nikampa kwa kuona haya. Alirudi baada ya magharibi, mkono wa klachi umepinda, na hakusema ameanguka wapi. Siku hizi namwambia mtu kabla hajaja kwamba pikipiki yangu naiendesha mwenyewe, na ya kwake siombi. Akitaka kuisikia injini, naipiga kiki yeye akiwa amesimama pembeni.

Safari ya kwanza iwe fupi. Mimi huenda Mambrui: unatoka mjini, unavuka daraja la Sabaki, upepo wa bahari unakupiga ubavuni, na hapo ndipo utakapomjua mwenzako. Anapunguza mwendo? Anaangalia kioo? Anakusubiri ukichelewa nyuma ya lori? Anayejua njia atangulie, na mwendo uwe wa yule asiyeijua. Msiende ubavu kwa ubavu. Hakikisheni kila mmoja ana leseni ya pikipiki ya daraja A2, bima, helmeti na jaketi la kuakisi, na abiria vilevile avae helmeti na jaketi. Mkielewana, kesho yake endeleeni mpaka Marafa mkaone makorongo ya Nyari, yale ya udongo mwekundu na mweupe. Njia ya kule msiende masika, ule udongo ukilowa hauna rafiki.

Siku ya kuondoka mjazie chupa ya maji, mfungie mahamri ya njiani, na mpatane atapiga simu akiwa wapi. Mzee alipiga akiwa Mariakani, akasema kuna manyunyu. Kisha kimya mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Simu ilikuwa mezani, chai imepoa, ndipo ujumbe ukaingia: "Nimefika mwanangu. Tairi nimeagiza jipya."