Kutoka Dar hadi Kitulo wakati wa kipupwe: gari, kona 57 na usiku wa sakitu

Anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Juni na Agosti ajue kwanza anafuata nini. Maua yaliyoipa hifadhi hii jina la Bustani ya Mungu hushamiri Desemba hadi Aprili. Wakati wa kipupwe nyasi zimekauka, ukungu ni mwingi, na alfajiri nyingine uwanda wote huamka mweupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Kama ni maua, ahirisha. Kama ni baridi ambayo mtu wa Dar anaijua kwa kufungua friza tu, huu ndio wakati wake.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na uwanda wake uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Gari linaloishi Dar limetengenezwa-tengenezwa kwa ajili ya joto. Matatizo mengi ya safari hii huanzia hapo.

Hatua ya 1: Rejeta, wiki mbili kabla

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Magari mengi mjini yanatembelea maji matupu, tena ya kisima yenye chumvi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwa kuwa hayana pa kwenda, hupasua rejeta, au mbaya zaidi bloku ya injini. Unahitaji kulanti halisi, kimiminika cha kupozea injini kisichoganda kwa urahisi.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga yote. Jaza maji safi, washa injini dakika kumi huku hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, zima, acha ipoe, mwaga tena. Rudia hadi yatoke meupe. Sasa angalia kitabu cha gari mfumo unabeba lita ngapi. Kama ni 8, anza na lita 4 za kulanti isiyochanganywa, kisha jazia kwa maji yaliyoondolewa madini. Ukitumia ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani itapungua nguvu, kwa sababu kuna maji yaliyobaki ndani ya bloku ambayo koki haiyafikii. Acha mfuniko wazi, washa injini hadi feni izunguke na mapovu yaishe, jazia, funga. Mfuniko usiguswe injini ikiwa ya moto.

Kulanti nyingine madukani ni maji yenye rangi. Kuipima ni rahisi: chota kidogo ya mchanganyiko wako kwenye kikombe cha plastiki, weka kwenye friza usiku kucha. Nusu kwa nusu haigandi kwenye friza ya nyumbani. Ukikuta imekuwa gumu kama barafu za ukwaju za dukani, umeuziwa rangi. Kikombe hicho kiandikwe, kikae mbali na watoto, na baadaye kitupwe, maana kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu.

Kisha muulize fundi wako swali moja: thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, ipo? Mafundi wengi huing'oa ili gari "lisichemshe". Dar hutaona tofauti. Kitulo injini haitafikia joto lake, hita itapuliza hewa baridi, na kioo cha mbele kitafunga ukungu ukiwa katikati ya kona. Irudishwe. Gari lililokuwa linachemsha kabla ya kung'olewa thamostati lina ugonjwa mwingine, nao utibiwe kabla ya safari.

Hatua ya 2: Betri, plagi na upepo

Betri iliyolala usiku isome volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na baridi itaimaliza. Kwa dizeli, hakikisha plagi za kupasha moto zinafanya kazi. Dar gari huwaka hata zikiwa zimekufa zote.

Upepo jaza kama kawaida ya gari lako. Baridi hupunguza usomaji kwa takriban psi 4, lakini mwinuko wa Kitulo huongeza karibu kiasi hichohicho kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Kwa hiyo asubuhi kule juu geji itakaribia ile ya Dar. Usiongeze, usipunguze.

Hatua ya 3: Nguo na malipo

Makoti mazito ni rahisi kupatikana kwenye mitumba ya Karume kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa wateja ni wachache. Ndani vaa fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba. Pamba hushika jasho, na jasho likipoa utatetemeka. Juu yake sweta, kisha koti linalozuia upepo. Glavu, mzula, soksi za sufu jozi tatu.

Langoni malipo si ya fedha taslimu. Weka pesa kwenye simu, na chukua kitambulisho cha NIDA ili ulipe kiwango cha Mtanzania.

Hatua ya 4: Dar hadi Iringa, takriban kilomita 500

Ondoka saa 10 alfajiri uiwahi foleni ya Kibaha. Kipande cha barabara kinachopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50, mwisho ni 70 kwa saa, na ukigonga mnyama kuna faini. Kwenye mlima Kitonga, kabla ya Iringa, usiyapite malori kwenye kona. Lala Iringa. Usiku mmoja hapo unausaidia mwili kuzoea mwinuko kabla ya kupanda zaidi. Anayetoka usawa wa bahari moja kwa moja hadi uwandani hulipia kwa kichwa kuuma.

Hatua ya 5: Iringa hadi Chimala, kisha Hamsini na Saba

Pita Mafinga na Makambako, ufike Chimala mchana. Jaza tanki hapo. Kagua oili, maji na breki, kwa sababu barabara ya vumbi inayopanda kwenda Matamba ndiyo ile wenyeji waliyoipa jina kwa hesabu ya kona zake: Hamsini na Saba.

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu robo ya nguvu yake ikifika mita 2,600. Weka 4L, yaani gia nzito za magurudumu yote manne, kabla ya kona ya kwanza, gia ya pili au ya kwanza, usisubiri gari lilemewe. Piga honi kabla ya kila kona, maana malori ya viazi yanashuka. Anayepanda ndiye anayepewa njia, ila lori lililojaa lisibishiwe. Ukungu ukishuka tumia taa fupi. Taa ndefu hugonga ukungu zikakurudia machoni. Kioo kikififia ndani, washa hita na AC pamoja: AC hukausha hewa.

Kutoka Matamba hadi uwandani ni kama saa moja. Ikiwa jioni imekaribia, lala Matamba kwenye nyumba ya wageni.

Hatua ya 6: Usiku

Sakitu huja usiku ulio tulivu na wazi. Ukiona nyota zote, jiandae. Ukungu ukitanda, huenda isije. Hewa baridi ni nzito, hutiririka bondeni kama maji, kwa hiyo piga hema kwenye mteremko mdogo, si shimoni. Mkeka peke yake hauzuii baridi ya ardhi. Tandika maboksi, godoro la sponji, ndipo ulale.

Maji hapa huchemka kwenye takriban nyuzi 91, hivyo maharage yatakushinda. Njoo nayo yamechemshwa. Kikopo kidogo cha gesi ya butani hufifia joto likikaribia sifuri. Kilaze ndani ya koti kabla ya kupika.

Jiko la mkaa halilali na watu. Si kwenye hema, si chumbani, si kwenye gari, hata likionekana limebaki majivu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na anayeivuta husinzia tu.

Gari liegeshwe na gia, mawe kwenye magurudumu, breki ya mkono ikiwa imeachiwa; iliyolowa inaweza kuganda. Kioo cha mbele kifunike kwa khanga au turubai.

Hatua ya 7: Asubuhi na kushuka

Kama kioo kimeganda, kwangua kwa kadi ya plastiki. Maji ya moto yatakipasua. Sakitu huyeyuka jua likipanda, basi anayetaka picha atoke kabla ya saa 1.

Kushuka tumia gia ileile uliyopandia. Breki zikanyagwe kwa vipindi, si kushikiliwa mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, tafuta sehemu pana, simama nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda. Ukifika Chimala gusa rimu moja moja kwa nyuma ya kiganja, kwa hadhari: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo inang'ang'ania, na fundi aione kabla hujaikabili Kitonga.