Kufumbua Fumbo: Sura za Mwisho za Riwaya ya Upelelezi, kwa Mfano wa Tanga

Anza na mwisho. Kabla ya sura ya kwanza, andika kwenye ukurasa mmoja nani aliua, saa ngapi, kwa njia gani, na alidanganya nini. Uongo mkuu uwe mmoja, na uvunjwe na kitu kisichobishika. Muuaji kukiri hakutoshi: futa maneno yake ya kukiri, kisha utazame kama ushahidi bado umesimama.

Tuseme tajiri ameuawa nyumbani kwake Raskazone saa nne asubuhi. Nahodha anadai kuwa saa hiyo mashua yake ilikuwa ikielea ufukweni Sahare, inashusha mzigo. Siku hiyo mwezi mwandamo ulikuwa kumi na sita, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo mashua ya saa nne haikuwa ikielea, ilikuwa imekaa mchangani.

Hapa ndipo riwaya nyingi za pwani zinapovunjika, kwa sababu mwandishi huchagua tarehe ovyo. Kujaa kwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Baada ya wiki hivi, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa nne maji yamejaa, nahodha amekuwa mkweli na fumbo limekufa. Ukitaja tarehe na mwaka, tafuta jedwali la maji la mwaka huohuo. Usipotaka kazi hiyo, taja mwezi mwandamo tu.

Sasa pandikiza dalili. Sura ya pili, usiku wa kuamkia mauaji, wageni wa harusi wanasifu mbalamwezi. Sura ya tano, wanawake walioingia mwambani asubuhi ile, maji yalipokupwa, wanauza pweza. Sura ya tisa nahodha anatoa maelezo yake. Kila dalili ikae katikati ya mambo mengine au muda mfupi kabla ya ugomvi. Usiiache mwisho wa aya, maana hapo ndipo jicho la msomaji hutua. Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliweka kanuni kumi za riwaya hizi mwaka 1929, na mojawapo inamkataza mpelelezi kutegemea dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa. Nyingine hairuhusu njia ya siri zaidi ya moja. Hiyo inatuhusu hasa, maana kishawishi cha kumtorosha muuaji kupitia mapango ya Amboni ni kikubwa mno.

Washukiwa wengine nao wawe wamedanganya, kila mmoja kwa sababu yake. Mpwa aliuza minazi ya marehemu kwa siri. Mke mdogo alikuwa kwa mganga. Wasafishe hao kwanza. Ukishamtaja muuaji, hakuna atakayesoma habari za minazi.

Mkusanyiko wa mwisho usiuige sebule ya Kiingereza. Kikao cha mirathi kinafaa zaidi, kwa kuwa kila mshukiwa ana sababu ya kufika bila kuitwa, na inspekta anaweza kuketi barazani kama jamaa wa kawaida. Mpelelezi asihutubie kurasa kumi. Aulize:

“Nahodha, mwezi ulikuwa wa ngapi siku ile?”

“Kumi na sita, bwana.”

Waache wavuvi waliomo chumbani wageuke kumtazama nahodha kabla mpelelezi hajaeleza lolote. Halafu maelezo yaje kwa vipande, yakikatizwa na maswali na ubishi. Msomaji wa bara hajui bamvua, kwa hiyo mtu mmoja kikaoni awe mgeni wa kuuliza kwa niaba yake.

Nahodha akishakamatwa, kurasa mbili zinatosha. Kesi ya Mahakama Kuu ni riwaya nyingine.

Mwisho, wape wasomaji watano mswada usio na sura mbili za mwisho, na kila mmoja aandike jina la muuaji na sababu. Wote wakipatia mapema, pweza wanaonekana mno: wapunguzie maneno. Asipopatia hata mmoja, usiongeze dalili mpya; rudia ile ya mbalamwezi katika sura ya saba, kwa kinywa cha mtu mwingine. Akipatia mvuvi wa Pangani peke yake, usibadili kitu.