Jinsi ya kualika mtu wa majengo ya kale kwenye kikao cha klabu (tumeshaharibu, nyie msiharibu)

Mimi ndo napanga wageni kwenye klabu yetu ya huduma hapa Bagamoyo, klabu ndogo tu, walimu, manesi, wenye maduka, jamaa mmoja ana bodaboda zake tatu, tunakutana jioni lisaa limoja na nusu kila mtu anarudi kwake. Kila baada ya miezi kadhaa naweka mtu wa historia ya hapahapa mjini. Nimeulizwa sana tunafanyaje mpaka watu wanabaki baada ya kikao kufungwa, basi ni hivi.

Hatua ya 1, tafuta anayeyashika majengo kwa mikono. Wasomi ni wazuri sina ubaya nao, lakini kikao chetu kilichonoga kuliko vyote kilikuwa cha mzee fundi chokaa, maisha yake yote anapiga lipu nyumba za mawe. Watu kama hawa usiwatumie barua kwanza, nenda kwake, shikamoo, kaa barazani, kunywa kahawa, afu ndo useme shida yako. Barua yenye muhuri ipelekwe baadae na iandike siku, saa na dakika alizopewa.

Hatua ya 2, mpe swali moja. Ukimwambia "mzee wangu njoo utuambie historia ya Bagamoyo" ataanza Kaole na msikiti wa karne ya 13, aje misheni ya 1868, aje 1874 kina Susi na Chuma walivyofika na mwili wa Livingstone, Mjerumani kuhamishia makao makuu Dar 1891, akifika Boma ya 1897 watu washaanza kuangalia saa. Yote kweli ila tunayajua tangu shule ya msingi. Sisi tulimuuliza, mzee, mbona nyumba za mtaa wa India zinapigwa lipu mpya leo, mvua mbili tatu lipu ipo chini? Hapo hata mwenye bodaboda aliweka simu mfukoni.

Hatua ya 3, mwambie aje na kitu. Hii ndo roho ya jambo zima kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mzee alikuja na mfuko wa rambo, ndani mabonge mawili ya lipu yaliyodondoka ukutani, hajaanza hata kusalimia vizuri kayazungusha mezani tuyashike. La kwanza la simenti, zito, gumu, ukiligeuza nyuma unakuta limeng'oka na ngozi ya jiwe, vipande vya matumbawe vimeng'ang'ania humohumo na unga mweupe juu yake. Akamwambia nesi mmoja alambe. Akalamba, chumvi! Bonge la pili la chokaa, unalikwangua kwa kucha linatoka unga, na nyuma halina jiwe hata chembe.

Ndo akaeleza, ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka chini na chumvi yake, chokaa inauacha upumue, maji yanatoka taratibu. Ukiziba na simenti unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu inasukuma mpaka inabanduka na jiwe lenyewe, na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani zinaozea humo huku wewe nje unaona nyumba imependeza. Chokaa ikichoka inakufa yenyewe, alisema, simenti inaondoka na jiwe. Mwenzetu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akanyamaza kabisa tukamcheka sana.

Hatua ya 4, ratiba, mgeni aongee KWANZA. Mara ya kwanza kabisa tulipoalika mgeni tulianza na kengele, matangazo, faini za waliochelewa, taarifa ya mweka hazina, afu projekta ikakosa kebo, mgeni wa watu akabakiwa na dakika kumi na mbili tu, na nusu ya hizo rais wetu wa klabu anamtambulisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi kengele, utambulisho wa sentensi mbili, mgeni dakika ishirini na tano, maswali, chai, matangazo mwisho. Picha za ukutani fresh tu zikiwepo ila usizitegemee, ekstensheni na maiki vijaribiwe mchana.

Hatua ya 5, maswali. Hapa kwetu kuna bomu, mtu asiulize maana ya jina Bagamoyo. Wapo wa bwaga moyo kwa kupumzika, mpagazi katoka bara anatua mzigo, na wapo wa bwaga moyo kwa kukata tamaa, mateka anaiona bahari, na hao wawili wakishaanza hamlali. Mimi nasema mapema kabisa hilo tutalimaliza kwenye chai.

Swali litakalokuja lazima ni "nyumba ya babu naruhusiwa kubomoa?" kwa hiyo mwambie mgeni ajiandae. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863 moja kwa moja, ya baadae mpaka yatangazwe rasmi, kwa hiyo kabla hujashika sururu pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale uulize.

Hatua ya 6, nauli iwe kwenye bahasha tayari, usimsubirishe mzee wa watu mlangoni mnachangishana. Ukitaka kurekodi muombe ruhusa kabla, na simu iwe karibu na mdomo wake maana feni inakula sauti.

Hatua ya 7, kabla hamjatawanyika toeni kazi moja ndogo. Sisi tuliagizana kila mtu aje na picha moja ya zamani ya mjini kutoka nyumbani kwao. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, peni inapenya inatokea mbele. Zilikuja kumi na moja, kwenye mojawapo kuna nyumba yenye baraza ndefu na vijana wamekaa, mzee akaishika karibu na taa, akaweka kidole kwa kijana wa tatu na kusema huyu ndo alinifundisha kulaza chokaa.