Mvua imekata mechi ya kriketi: kokotoa mwenyewe nani kashinda kabla hujabisha

Ubishi wa mechi ya kriketi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita ya kurushwa) iliyokatwa na mvua huanzia mahali pamoja karibu kila mara. Mtu anachukua wastani wa mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) kwa ova, anaona haulingani na namba ya kwenye ubao, anaanza kulia kwamba timu yake imedhulumiwa. Tarehe 4 Novemba 2023 kule Bengaluru, India, kwenye Kombe la Dunia, New Zealand walipiga mikimbio 401 kwa wiketi 6, yaani wapigaji wao sita walitolewa. Pakistan wakafika 200 kwa wiketi 1 katika ova 25.3, mvua ikafunga kazi. Wastani wa New Zealand ni mikimbio 8.02 kwa ova. Zidisha kwa ova 25 na nusu, unapata 204. Kwa hesabu hiyo Pakistan walikuwa nyuma. Ubao ukasema wameshinda kwa mikimbio 21, na ubao ulikuwa sahihi.

Njia inayotumika inaitwa DLS, herufi za majina matatu: Frank Duckworth na Tony Lewis, wanatakwimu wa Uingereza, na Steven Stern aliyekabidhiwa kuisimamia njia hiyo mwaka 2014. Mara ya kwanza ilitumika Harare, tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe walipocheza na Uingereza. Unachohitaji ni kikokotoo cha simu, karatasi, na jedwali lililo hapa chini.

Hatua ya 1: Sahau wastani, hesabu akiba

Timu inayopiga ina vitu viwili vya kutumia: ova zilizobaki na wiketi zilizobaki. DLS huviunganisha viwili hivyo kuwa asilimia moja, ambayo hapa tutaiita akiba. Ova 50 na wiketi zote 10 ni akiba ya 100. Kila mpira unaorushwa unaipunguza, na kila wiketi inayoanguka inaipunguza pia. Ule msemo wa akiba haiozi haufanyi kazi kwenye kriketi: ova zikiisha huku una wiketi saba mkononi, hizo saba zimeoza.

Hili ni jedwali la toleo la kawaida la DLS, limefupishwa. Safu ya kwanza ni ova zilizobaki. Nyingine ni akiba iliyobaki kulingana na wiketi zilizokwisha kuanguka.

| Ova zilizobaki | 0 | 2 | 4 | 6 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|
| 50 | 100.0 | 85.1 | 62.7 | 34.9 | 11.9 |
| 40 | 89.3 | 77.8 | 59.5 | 34.6 | 11.9 |
| 30 | 75.1 | 67.3 | 54.1 | 33.6 | 11.9 |
| 20 | 56.6 | 52.4 | 44.6 | 30.8 | 11.9 |
| 10 | 32.1 | 30.8 | 28.3 | 22.8 | 11.4 |
| 5 | 17.2 | 16.8 | 16.1 | 14.3 | 9.4 |

Kaa nalo kidogo. Ukiwa na wiketi zote na ova 40, umepoteza moja ya tano ya ova lakini akiba imeshuka kwa 10.7 tu. Sasa tazama safu ya wiketi 8: ova 50 au ova 20, akiba ni ile ile 11.9, kwa sababu wapigaji wa mwisho hawategemewi kudumu kiasi cha kuzitumia ova hizo. Ugomvi mwingi wa mashabiki umo ndani ya safu hiyo moja.

Jedwali kamili lina kila ova na kila wiketi. Ukilazimika kukadiria katikati ya mistari miwili, ujue kadirio la mstari ulionyooka hutoka chini kidogo ya thamani halisi, maana akiba hushuka kwa mpindo.

Hatua ya 2: Andika taarifa hizi kabla ya kugusa kikokotoo

Mikimbio ya timu ya kwanza. Idadi ya ova ambazo kila timu ilianza nazo. Kisha, kwa kila mara mvua iliposimamisha mchezo: ova zilizobaki wakati wa kusimama, wiketi zilizokuwa zimeanguka, na ova zilizobaki mchezo uliporejea.

Kuna makosa matatu ya hapa ambayo huharibu hesabu nzima. La kwanza ni kusoma 25.3 kama desimali. Namba baada ya nukta ni mipira, si sehemu ya kumi, 25.3 ni ova 25 na mipira 3, yaani 25 na nusu. La pili ni kuchanganya wiketi zilizoanguka na zilizobaki, kwa kuwa majedwali mengine yamepangwa kwa zilizobaki. La tatu ndilo baya zaidi: timu ya kwanza ikitolewa yote katika ova 38, watu huiandikia akiba ya ova 38. Hapana. Ilipewa ova 50 ikashindwa kuzimaliza yenyewe, kwa hiyo akiba yake ni 100. Mvua pekee ndiyo hupunguza akiba ya kuanzia, uzembe haupunguzi.

Hatua ya 3: Mvua kabla timu ya pili haijaanza

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Timu ya kwanza imepiga 250 katika ova 50. Mvua inanyesha wakati wa mapumziko, timu ya pili inapewa ova 40.

250 × 89.3 ÷ 100 = 223.25

Ondoa desimali: 223 ni alama ya usawa, yaani timu ya pili ikiishia hapo mechi ni sare. Ongeza moja: lengo ni 224. Wastani ungesema 201, na hapo ndipo timu ya pili inapolalamika kwamba imebebeshwa mikimbio 23 ya bure. Si ya bure. Wiketi 10 za kutawanya katika ova 40 zinakuruhusu kupiga kwa nguvu zaidi ya mwenzako aliyelazimika kuzitunza kwa ova 50.

Kama mvua ilinyesha kabla ya mechi na timu zote zikapewa ova 40, na baada ya hapo haikurudi, DLS haina kazi: 89.3 kwa 89.3.

Hatua ya 4: Mvua imesimamisha timu ya pili, kisha mchezo ukarejea

Lengo ni kuwapita wale wale 250. Timu ya pili imecheza ova 20, wiketi 2 zimeanguka, zimebaki ova 30. Mvua inakula ova 10. Wakirudi zimebaki 20.

Akiba wakati wa kusimama: 67.3. Wakati wa kurejea: 52.4. Mvua imewalia 14.9. Akiba yao jumla ni 100 − 14.9 = 85.1. Zidisha: 250 × 85.1 ÷ 100 = 212.75. Lengo jipya ni 213.

Rudia hesabu hiyo hiyo, ila safari hii wiketi zilizoanguka ni 6. Kusimama 33.6, kurejea 30.8, hasara 2.8. Akiba jumla 97.2, alama ya usawa 243, lengo 244. Mvua ile ile, ova zile zile kumi, lakini timu moja imepunguziwa mikimbio 38 kwenye lengo la awali la 251 na nyingine saba tu.

Hapa ndipo unapoielewa ile mechi ya India na Pakistan ya Manchester, Kombe la Dunia 2019, iliyochekwa mtandaoni siku nzima. India 336 kwa 5. Pakistan 166 kwa 6 baada ya ova 35, wakihitaji 171 katika ova 15. Mvua ikaondoa ova 10. Lengo likawa 302 katika ova 40, maana yake mikimbio 136 katika ova 5. Ni kichekesho, sawa, lakini kichekesho hakikutengenezwa na hesabu. Timu yenye wiketi sita chini haikuwa na kikubwa cha kupoteza katika ova hizo kumi, kwa hiyo hakukuwa na kikubwa cha kurudishiwa. DLS hujaribu kuwarudisha uwanjani wakiwa katika hali ile ile waliyotoka nayo. Waliokuwa wanazama hurudishwa majini. Pakistan walimaliza na 212 na wakafungwa kwa mikimbio 89.

Mvua ikisimamisha mchezo mara mbili au tatu, toa hasara ya kila mara peke yake, ukitumia wiketi za wakati huo. Usizijumlishe ova zilizopotea na kuzitoa kwa pamoja.

Hatua ya 5: Mvua imeua mechi kabisa

Kwanza hakikisha kuna matokeo ya kukokotoa. Katika mechi ya kimataifa ya ova 50, timu ya pili lazima iwe imecheza angalau ova 20. Pungufu ya hapo ni mechi isiyo na matokeo, hata kama mmoja alikuwa anaelekea kushinda kirahisi. Kwa Twenty20, mechi ya ova 20 kwa kila timu, ni ova 5.

Kisha: akiba iliyotumika = akiba ya kuanzia − akiba iliyobaki wakati mechi inakatwa. Turudi kwenye 250. Ova 30 zimechezwa, zimebaki 20.

Wiketi 2 chini: 100 − 52.4 = 47.6, alama ya usawa 119.
Wiketi 6 chini: 100 − 30.8 = 69.2, alama ya usawa 173.

Wastani ungesema 150 kwa wote. Wiketi nne zina thamani ya mikimbio 54 hapo. Hilo ndilo jibu la Bengaluru: Pakistan walikuwa na 200 huku wiketi moja tu ikiwa imeanguka, na alama ya usawa ilikuwa 179.

Kama ova zilishapunguzwa kabla ya mechi, usianze na 100. Mfano: kila timu ova 40, ya kwanza 220, ya pili imecheza ova 20 na kupoteza wiketi 2. Akiba iliyotumika ni 89.3 − 52.4 = 36.9. Basi 220 × 36.9 ÷ 89.3 = 90.9. Usawa 90, ushindi unaanzia 91.

Hatua ya 6: Usawa si ushindi

Kosa hili limewahi kuitoa timu mwenyeji kwenye Kombe la Dunia. Durban, 3 Machi 2003: Sri Lanka 268 kwa 9. Afrika Kusini wakifuata, mvua inazidi, zimebaki ova 5 na wiketi 6 ziko chini. Fanya hesabu: 100 − 14.3 = 85.7, 268 × 85.7 ÷ 100 = 229.68. Usawa 229, ushindi 230. Mark Boucher, mpigaji wa Afrika Kusini, aliupiga mpira wa Muralitharan, mrushaji wa Sri Lanka, akapata mikimbio sita, ubao ukafika 229, akadhani kazi imeisha, mpira wa mwisho wa ova akauzuia tu. Mvua ikaikata mechi hapo hapo. Sare. Afrika Kusini wakatoka, na kutoka kundi hilo hilo Kenya wakapita pamoja na Sri Lanka na New Zealand, safari iliyowafikisha nusu fainali.

Ukisoma karatasi ya alama za usawa, kumbuka pia kwamba kila wiketi inayoanguka inakuhamishia safu nyingine. Namba uliyoisoma mwanzo wa ova huenda imekufa kabla ova haijaisha.

Hatua ya 7: Timu ya kwanza ndiyo iliyokatwa

Hii inaudhi zaidi, kwa sababu lengo linaweza kupanda. Timu ya kwanza imefika 140 kwa wiketi 2 katika ova 30, ikijua ina 50. Mvua inaua zamu yake hapo. Timu ya pili inapewa ova 30.

Akiba ya kwanza: 100 − 52.4 = 47.6. Ya pili: 75.1. Ya pili imezidi kwa 27.5, kwa hiyo usizidishe kwa uwiano; ongeza ziada. Toleo la kawaida limetumia 245 kama jumla ya wastani kwa mechi za kimataifa za wanachama kamili wa ICC, baraza la kriketi la dunia: 245 × 27.5 ÷ 100 = 67.375. Ukijumlisha na 140 ni 207.375. Lengo ni 208. Ligi yako inaweza kuwa na namba yake badala ya 245. Iko kwenye kanuni za mashindano.

Bengaluru tena, Novemba 2008: India 166 kwa 4 katika ova 22, Uingereza wakapewa lengo la 198 katika ova 22 zile zile. Wakaishia 178.

Namba yako ikitofautiana na ya ubao

Mechi kubwa hukokotolewa kwa programu ya kompyuta, toleo la kitaalamu, ambalo hurekebisha akiba pale timu ya kwanza inapopiga jumla kubwa sana. Kwa 250 tofauti ni ndogo; kwa 401 usitegemee jedwali hili likupe 179 kamili.

Kama bado unataka kubishana, yapo mambo ambayo hesabu haiyaoni. Haijui nani yuko kwenye krizi, mahali anaposimama mpigaji: wiketi ya mpigaji wa kufungua zamu aliyekwisha kupiga mikimbio mia na ya mpigaji namba saba zina uzito mmoja. Haijui kwamba mpira umelowa na mrushaji hawezi kuushika. Anzia hapo, si kwenye wastani.