Umepata kazi ya stoo au uhasibu na Excel hujui vizuri? Anza na faili la mwezi uliopita

Wewe uliyeajiriwa juzi na kila ripoti ni Excel, usikimbilie kozi ndefu za YouTube, utajifunza vitu mia ambavyo ofisini kwenu havitumiki kabisa. Omba ripoti ya mwezi uliopita aliyoiandaa mwenzako, ikopi, ile orijino usiiguse, halafu kwenye kopi yako bonyeza Ctrl na ile alama ya ` iliyo chini ya Esc, hapo fomula zote zinajianika na unaona kila namba imetoka wapi. Hizo ndo fomula za kazi yako, na mara nyingi zinajirudia tu, SUM (kujumlisha), SUMIF (kujumlisha vinavyotimiza sharti), IF (kuchagua jibu kwa sharti), VLOOKUP (kutafuta kitu kwenye orodha, mfano bei ya bidhaa) basi.

Sasa futa jumla zote uzijenge upya mwenyewe, ukimaliza linganisha na orijino, isipolingana simama kwenye seli (kiboksi) yenye namba hiyo bonyeza F2, inakuonyesha kwa rangi fomula inasoma wapi. Kwenye VLOOKUP naomba sana usisahau FALSE mwishoni, maana usipoiweka Excel inatafuta kinachokaribiana, na kama orodha yako haijapangwa inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine kabisa wala isikwambie kuna kosa, hii ndo inawaumiza wageni wengi kwenye kazi.

Na muulize mwenzako kwa swali moja lililonyooka, mfano "hii VAT ya 18% mbona umeitoa kwenye bei badala ya kuongeza?", watu wanajibu vizuri wakiona umeshahangaika nayo kwanza.