Jinsi ya Kukosoa na Kukosolewa Picha: Mwongozo kwa Wapiga Picha na Modo wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu Kusini mtu akikuonyesha picha zake, jibu linalotangulia mdomoni ni "umependeza". Ni jibu la heshima, na katika mji ambao kesho mtakutana tena sokoni au msibani, heshima si jambo dogo. Lakini binti anayetaka kazi ya umodo hukusanya hizo "umependeza" nyingi, akapanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam, akakaa mbele ya mbunifu wa mavazi, na huko ndiko anakoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba hakuna hata picha moja inayoonyesha urefu wake. Neno hilo angeweza kulisikia hapa hapa Mtwara, bila nauli, kutoka kwa mtu anayemtakia mema.

Napiga picha Mtwara, zaidi harusi na mahafali, na vijana wanaoanza umodo au upigaji picha huniletea potifolio zao, yaani picha walizozichagua kuonyesha kazi yao, niziangalie. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Mrejesho wa kweli hauhitaji ukali. Unahitaji ujue picha inatakiwa kufanya kazi gani, kisha useme wazi kama inaifanya.

Hatua ya 1: Uliza picha ni za kazi gani

Kabla sijafungua hata picha moja huuliza: unatafuta kazi gani, na nani atakayeziona? Modo anayetaka kupanda jukwaani kwenye maonyesho kama Swahili Fashion Week anahitaji picha za mwili mzima, zinazoonyesha urefu na namna nguo inavyomkaa. Anayetaka kutangaza simu, sabuni au vitenge anahitaji uso unaoongea na mikono inayoshika kitu bila kukakamaa. Mpiga picha anayetafuta harusi aonyeshe watu wengi ndani ya ukumbi wenye taa za rangi rangi. Anayetafuta kazi za hoteli aonyeshe vyumba na chakula.

Usipopata jibu hilo utapima picha kwa kipimo kisicho chake. Chukua picha iliyopigwa Mikindani, binti amesimama mbali na kamera mbele ya Boma la zamani, lile walilojenga Wajerumani mwaka 1895, amevaa gauni jekundu. Kwa mpiga picha anayetaka kazi za utalii, hiyo iwe ya kwanza kabisa kwenye potifolio. Kwa binti mwenyewe ni picha ya jengo. Picha ni ile ile, na majibu yote mawili ni ya kweli.

Hatua ya 2: Zione picha zenyewe

WhatsApp huibana picha ya kawaida ikapoteza ukali wake, kwa hiyo omba itumwe kama dokumenti, au mwenyewe azilete kwenye flashi. Kaa kivulini, ongeza mwanga wa kioo, zima ile rangi ya njano ya usiku ambayo simu nyingi zinayo. Pitia picha zote zikiwa ndogo bila kusema neno. Mzunguko wa pili fungua moja moja, kuza mpaka jichoni, uone kama fokasi imekaa kwenye kope au imeponyoka ikaenda sikioni.

Hatua ya 3: Taja unachokiona, sababu yake, na cha kufanya

Hatua hii ndiyo yenye kazi kubwa. "Imepooza", "haina mvuto", "haijakaa" ni maneno yanayoumiza bila kufundisha. Anayeyasikia anarudi nyumbani akiwa na huzuni tu, kesho anapiga picha vile vile. Kila unapohisi neno la namna hiyo linakuja, jiulize: nimeona nini hasa?

Mara nyingi utakuta ni macho. "Macho yako kwenye kivuli, siwezi kuona unatazama wapi. Mlipiga saa ngapi?" Atakwambia saa sita mchana. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kuelekea mwisho wa Oktoba na mwisho wa Februari jua la adhuhuri linapita juu ya utosi. Mwanga unashuka wima, unagonga paji la uso na pua, macho yanabaki mashimo. Hapo unampa cha kufanya: apige kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, kwenye ufukwe unaotazama mashariki, uso ukielekea baharini. Kama lazima iwe mchana, aingie kibarazani, asimame karibu na ukingo wa kivuli, uso akiuelekeza nje kwenye mwangaza. Chini ya mkorosho au mwembe aangalie mambo mawili: madoa ya jua yanayopenya kwenye majani, na rangi ya kijani inayorudi kwenye ngozi. Kamera huiona hata kama sisi hatuioni.

La pili ni rangi ya ngozi, na hili tunalionea haya mno. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Ukimsimamisha modo mweusi kwenye mchanga mweupe wa Msimbati, kamera inauona mchanga, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Mwambie mpiga picha aongeze mwanga kwa kituo 1 hivi, yaani mara mbili, au apime mwanga wa usoni. Kinyume chake, uso ukijaza fremu mbele ya ukuta mweusi, kamera inaongeza mwanga na ngozi inapauka. Hayo ni makosa ya kipimo na dawa yake ipo.

Filta ya kung'arisha ngozi ni jambo jingine, nalo liseme bila kuzunguka: "Mdogo wangu, hii si ngozi yako. Mteja akikuita kwa picha hii, atakayeingia mlangoni ni mtu mwingine." Vivyo hivyo kwa mpiga picha anayefuta vinyweleo vyote mpaka shavu linakuwa kama sahani. Mwombe faili la mwanzo, liweke pembeni ya lile lililohaririwa, mtazame pamoja. Mara nyingi hutahitaji kuongeza neno.

La tatu linafurahisha kulitoa kwa sababu linamwondolea mtu mzigo. Wasichana wengi, na wavulana pia, huniambia wana pua kubwa. Nikitazama naona picha imepigwa kwa simu iliyokuwa karibu sana na uso. Kamera ikisogea karibu, kilicho mbele kinavimba na masikio yanarudi nyuma. Mpiga picha arudi nyuma hatua tatu, atumie ukuzaji wa mara 2 kwenye simu, au lenzi ya milimita 85 kama anatumia kamera. Pua inarudi kuwa pua. Tatizo lilikuwa umbali.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo kaka. Naomba uniangalizie picha, ila usinionee haya."

"Marahaba, mdogo wangu. Hizi ni za kumpelekea nani?"

"Kuna dada Dar anashona vitenge, anatafuta modo."

"Haya. Karibu zote umeficha mikono nyuma. Mshona vitenge anataka kuona mkono wa gauni unavyoanguka. Nani alikwambia uifiche?"

"Sikujua niiweke wapi, kaka."

"Basi tutaanzia hapo. Jumamosi njoo na kikapu na mtandio, mikono ipate shughuli."

Hakuna aliyedhalilika, na Jumamosi kuna kazi ya kufanya.

Hatua ya 4: Chunga mipaka ya mwili na stara

Unaweza kuzungumzia pozi, kidevu, mabega, mikono, mwendo. Vipimo vya urefu, kifua, kiuno, nyonga na namba ya kiatu vizungumzie kama taarifa ambazo kazi fulani inazihitaji, basi. "Umenenepa", "wewe mweusi sana kwa matangazo", hayo si mrejesho wa picha. Flaviana Matata alitwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, akaenda Mexico akaingia kumi bora ya dunia. Hebu fikiria ni washauri wangapi wa mtaani wangemlazimisha avae wigi.

Wengi wa mabinti wa pwani yetu, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, wanavaa ushungi na wanataka kubaki nao. Usimwambie auvue ili "picha ipendeze". Kazi yako ni kuona kama upindo wa ushungi unatia kivuli kwenye jicho, kama rangi yake inaufifisha uso, kama pini imeonekana. Soko la nguo za stara lipo, na anayelifahamu vazi hilo toka utotoni huliuza vizuri kuliko aliyevalishwa siku ya picha.

Kuna na jambo zito zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Potifolio ya mtoto itazamwe mzazi au mlezi akiwepo, si kwenye ujumbe wa siri saa 5 usiku. Na dada yeyote, wa umri wowote, akiambiwa atume picha za utupu "ili apimwe umbo", ajue huyo si mtoa mrejesho. Picha za utambulisho ambazo mawakala wa modo huomba ni za nguo ya kawaida iliyobana kiasi, ukutani, bila mekapu. Aizuie nambari ya mtu huyo, amwambie mtu mzima anayemwamini.

Hatua ya 5: Chagua mahali pa kusemea

Sifa zitoe kwenye grupu, kasoro mpe faragha. Picha inayokosolewa mbele ya watu hamsini inaacha kuwa picha, inakuwa kesi.

Kwa aliyekuzidi umri au uzoefu kuna njia yake. Huwezi kumwambia mzee aliyekuwa na studio tangu enzi za filamu kwamba picha zake zina fleshi kali. Muulize: "Mzee, hapa fleshi ungeielekeza darini, kivuli kile cha ukutani kingebaki?" Umemwonyesha kivuli, na umemwachia nafasi ya kujibu kama mwalimu. Wengi hujibu kwa ukarimu kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 6: Punguzeni pamoja

Picha kumi mpaka kumi na tano zinatosha kuanzia. Mtazamaji huikumbuka ile dhaifu, kwa hiyo ya ishirini isiyo na nguvu inazishusha zote. Mimi hupenda zichapishwe ndogo, inchi 4 kwa 6, tuzitandaze mkekani. Zinazofanana pozi na nguo zirundike pamoja, kisha kila rundo libakishe moja. Mwenye picha ndiye achague, wewe uliza tu kwa nini ameichagua. Akijibu "siku hiyo nilifurahi sana", mwelezee taratibu kwamba mteja hakuwepo siku hiyo.

Kwa modo, hakikisheni zimebaki picha za utambulisho: uso mbele, uso ubavu, mwili mzima mbele na nyuma, nywele zimerudishwa nyuma kama hafuniki kichwa, mwanga wa dirishani. Nyingi ninazoletewa hazina hata moja ya hizo, na ndizo wakala huzitazama kwanza.

Hatua ya 7: Unapokuwa wewe unayekosolewa

Nyamaza na uandike. Ukianza "mwanga ulikuwa mbaya", "nguo haikuwa yangu", anayekushauri ataona amekukera na atakimbilia "umependeza". Mteja hatasikia maelezo hayo, ataona picha tu.

Uliza maswali yanayomlazimu mtu kuchagua. "Zikoje?" italeta "nzuri". "Ukiambiwa utoe mbili, ungetoa zipi?" italeta ukweli. Waulize watu wa kazi tofauti: mpiga picha, fundi cherehani, na mtu ambaye huwa analipa pesa kwa ajili ya matangazo, hata kama ni mwenye duka la simu. Mama na shangazi wabaki kwenye kukuombea dua. Watu wawili wasiofahamiana wakigusa sehemu moja, ishughulikie. Mmoja akisema hapendi rangi ya gauni na wengine hawajaitaja, hiyo ni ladha yake, mshukuru na uiache.

Usijibu usiku huo huo. Lala, soma ulichoandika asubuhi, utaona nusu ya maneno yaliyokuchoma yanahusu kitu kidogo kinachorekebishika.

Hatua ya 8: Rudi na picha mpya

Chagua kasoro moja tu, ile iliyotajwa na wengi, na upige tena ndani ya wiki mbili, mahali pale pale na nguo ile ile ikiwezekana, ili kilichobadilika kionekane. Ziweke mbili kwenye kioo kimoja, ya zamani kushoto na mpya kulia, umpelekee yule yule aliyekukosoa. Muulize kuhusu kasoro hiyo peke yake: macho sasa yanaonekana? Akisema ndiyo, futa ya zamani kwenye potifolio na uende kwenye kasoro inayofuata, labda mikono. Akisema bado, muombe mwende naye ufukweni saa 12 asubuhi, ashike kamera yeye.